Montevideo kwa miguu: kuufuata ukuta uliobomolewa

Kazi yangu ni uhifadhi wa majengo ya kale, na kila meli ya kitalii inapofunga gati huwa najiuliza swali moja kabla ya kushuka: mji wa kwanza uliishia wapi? Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, hulijibu swali hilo waziwazi, kwa kuwa gati liko mlangoni mwa mji mkongwe wenyewe, uitwao Ciudad Vieja, na abiria mwenye viatu imara hana haja ya teksi wala ya ziara ya basi inayouzwa melini.

Ukitoka bandarini utaiona nanga ya Graf Spee, manowari ya Ujerumani iliyozamishwa na nahodha wake mwenyewe nje ya bandari hii tarehe 17 Desemba 1939. Hatua chache mbele ni Mercado del Puerto, soko lenye paa la chuma lililofunguliwa mwaka 1868, ambalo leo limejaa majiko ya kuni na moshi wa nyama ya ng'ombe. Lipite kwanza; nyama ya huko ni nzito, na aliyeshiba hafiki mbali.

Ciudad Vieja imekaa juu ya rasi nyembamba, na mitaa yake ilipimwa na Wahispania katika miaka ya 1720 kwa mistari iliyonyooka inayokatana kama nyuzi za mkeka. Kwa hiyo ukisimama kwenye njia panda nyingi unaona maji mwisho wa mtaa, na kupotea ni vigumu. Uwanja mmoja tu unauvunja utaratibu huo. Plaza Zabala, uliopewa jina la mwanzilishi wa mji, Bruno Mauricio de Zabala, umekaa mshazari, kana kwamba mchoraji aliteleza mkono. Hakuteleza: hapo ilisimama ngome ya magavana, na ilipobomolewa kiwanja kilibaki na mwelekeo wake. Nilikaa hapo karibu nusu saa nikipima pembe kwa macho, jambo ambalo mwenzangu wa safari hakulifurahia.

Kutoka hapo fuata mtaa wa Sarandí, ambao sehemu yake kubwa imetengwa kwa waenda kwa miguu, upite kanisa kuu na Cabildo, jengo la baraza la mji la zama za Wahispania, hadi kwenye lango la mawe lililosimama peke yake. Ukuta wa mji uliamriwa kubomolewa mwaka 1829, na lango hilo la boma kuu lilitumika kwingine kabla ya kurudishwa mahali pake mwaka 1959. Kitaaluma sipendi mabaki yaliyosimamishwa upya bila mwili wake, lakini hili nalisamehe, kwa sababu linaonyesha mpaka. Nyuma yako mitaa ni myembamba. Mbele yako unafunguka uwanja mpana wa Plaza Independencia, ambako majivu ya José Artigas, shujaa wa uhuru wa Uruguay, yamehifadhiwa chini ya sanamu yake, na jengo la Palacio Salvo la mwaka 1928 linatazama chini kwa mnara wake wa ajabu.

Abiria wengi hugeukia hapo. Mimi nashauri kushuka kusini hadi Barrio Sur, kwa kuwa historia ya bandari hii haikamiliki bila watu walioshushwa humo kwa minyororo, wakiwemo waliotolewa Msumbiji. Wazao wa Waafrika hao ndio wenye candombe, ngoma ya mitaani inayopigwa kwa aina tatu za ngoma ziitwazo chico, repique na piano, na ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2009. Nyumba yao mashuhuri ya kupanga, Medio Mundo, ilibomolewa mwaka 1978 wakati wa utawala wa kijeshi, na tarehe 3 Desemba, siku ngoma zilipolia humo kwa mara ya mwisho, sasa ni siku ya kitaifa ya candombe.

Kurudi, pitia Rambla, barabara ya ufukweni inayoizunguka rasi hadi bandarini. Maji yake ni ya kahawia kwa sababu hiyo ni Río de la Plata, mlango mpana wa mito inayobeba matope. Jihadhari na vigae vilivyolegea baada ya mvua, kwani hurusha maji machafu hadi magotini, na weka saa yako kwa saa ya meli.