Chati ya maktaba ya chuo kikuu: dhana potofu na ukweli

Dhana: Kisanduku cha chati kikishawekwa kwenye tovuti, huduma imeanza.

Kilichoanza ni programu. Huduma ni mkutubi aliyeketi mbele ya skrini na asiye na kazi nyingine saa hiyo. Chati ikikabidhiwa mtu anayeazimisha vitabu kaunta, foleni ikirefuka atakayesahaulika ni wa mtandaoni, kwa kuwa haonekani. Tengeni zamu za saa mbili mbili, na mkutubi asishike mazungumzo zaidi ya matatu kwa wakati mmoja. Neno la kwanza litoke ndani ya nusu dakika, hata kama ni "Karibu, nimeliona swali lako." Zamu ikiisha, kisanduku kijizime na mahali pake ije fomu ya baruapepe inayotaja jibu litatoka lini. Taa ya kijani isiyo na mtu nyuma yake ni mbaya kuliko kukosa chati kabisa, maana aliyenyamaziwa mara moja ni vigumu kumrudisha.

Mahali pa kisanduku nako kuna kosa. Wanafunzi hawakwami kwenye ukurasa wa mbele. Hukwama pale katalogi inaposema hakuna matokeo, na pale hifadhidata ya makala ya kitaaluma inapodai nywila wakiwa nyumbani Rongai au Kahawa, pembezoni mwa Nairobi. Kiwekeni hapo, tena kiwe chepesi, kwa sababu wengi wanatumia simu na bando la kuhesabu.

Dhana: Bila saa 24 haifai.

Kwa wiki mbili andikeni kila swali linalofika kaunta, kwa simu na kwa baruapepe, pamoja na saa yake, kisha zamu zifuate pale maswali yanapojazana. Nairobi ina wanafunzi wengi wa jioni wanaotoka kazini na kwenda moja kwa moja darasani. Kwao, chati inayofungwa saa kumi na moja haipo. Saa nne za uhakika kila siku, mbili zikiwa za jioni, ni bora kuliko saa 24 za kubahatisha.

Dhana: Swali la kwanza ndilo swali lenyewe.

Hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Mwanafunzi anaandika, "Naomba vitabu vya ugatuzi." Mkutubi mwenye haraka anatafuta neno hilo, anabandika viungo kumi, anaaga. Kumbe aliyeuliza anasomea uuguzi na anataka kujua usimamizi wa hospitali ulibadilikaje baada ya kaunti 47 kuanza kazi mwaka 2013. Kaunta, uso wa mtu humwambia mkutubi kwamba bado hajaelewana naye. Kwenye chati uso haupo, kwa hiyo lazima kuuliza. Unaandika insha au tasnifu? Umeshatafuta wapi, ukapata nini? Inatakiwa lini? Maswali haya yaulizwe moja moja. Yakimwagwa kwa mpigo, mara nyingi hujibiwa la mwisho tu.

Kisha mpe pa kuanzia pamoja na maneno ya kutafutia: sheria kwenye tovuti ya Kenya Law, takwimu kwenye ile ya KNBS, shirika la taifa la takwimu, halafu hifadhidata moja ya afya iliyolipiwa na chuo. Ukitafuta, usinyamaze. Sema "Nipe dakika tatu," na dakika tatu zikiisha rudi hata kama hujapata kitu. Likizidi robo saa, omba baruapepe yake, taja siku ya jibu, na umkabidhi mkutubi wa somo hilo mazungumzo yote ili mwanafunzi asianze upya.

Viungo navyo vina mtego. Anwani iliyonakiliwa kutoka juu ya kivinjari mara nyingi hubeba kikao cha mkutubi mwenyewe, yaani ule muda alioingia kwenye mfumo, na kikao kikifungwa, kiungo hufa. Tumia kiungo cha kudumu kinachotolewa na hifadhidata, kilichotanguliwa na anwani ya mfumo wa kuingilia ukiwa nje ya chuo. Kijaribu kwenye dirisha la faragha kabla ya kukituma.

Dhana: Ni lazima kujibu kwa Kiingereza rasmi.

Aliyeanza na "Niaje, naeza pata wapi karatasi za mitihani ya zamani?" ajibiwe kwa Kiswahili chepesi. Maneno ya kutafutia pekee ndiyo yabaki Kiingereza, kwa kuwa hifadhidata zenyewe ziko hivyo.

Dhana: WhatsApp ya mkutubi mmoja inatosha.

Akienda likizo, maswali huenda naye. WhatsApp Business kwenye laini ya maktaba huunganishwa na vifaa vingine vinne, hivyo zamu hupokezanwa bila shida. Lakini sasa mna nambari za simu za wanafunzi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawataka mkusanye kinachohitajika tu na mseme ni cha nini. Nambari ya usajili haihitajiki ili kuuliza kuhusu makala. Nywila haiombwi wala haitumwi kwenye chati, kamwe. Mikataba ya hifadhidata ni ya watumiaji wa chuo pekee, na nywila ikisambaa vikundini mchapishaji anaweza kukifungia chuo kizima.

Dhana: Roboti itachukua nafasi ya mkutubi.

Kwa saa za kufungua na faini, sawa. Kwa marejeleo, akili unde inaweza kutunga makala ambayo hayajawahi kuandikwa, yenye majina ya waandishi yanayoaminika kabisa. Kitufe cha kumwita mkutubi kionekane tangu ujumbe wa kwanza.

Dhana: Chati zikiongezeka, huduma imeboreka.

Hesabu peke yake hudanganya. Kipimo cha READ huweka kila swali kwenye ngazi ya 1 hadi ya 6 kulingana na juhudi, ujuzi na muda uliotumika. Swali la saa za kufungua ni la ngazi ya 1. Kila mwezi chukueni mazungumzo 30, ondoeni majina na nambari, kisha wakutubi wawili wayasome kila mmoja peke yake. Swali lilifafanuliwa? Chanzo kilitajwa? Mwanafunzi alikaribishwa tena? Anzeni na yale yaliyoishia kimya. Swali likijirudia mara kumi, msiridhike na jibu la kubandika, rekebisheni ukurasa unaolizaa. Wakiuliza kila siku tasnifu za zamani ziko wapi, kiungo cha hazina ya kidijitali kihamishiwe kando ya kisanduku cha kutafutia katika katalogi, kitoke chini ya menyu ya tatu.