Kwa nini maelezo ya huduma za Moodle hayapitwi na wakati?

Je, wajua kwamba ndani ya Moodle kuna ukurasa wa maelezo ya kitaalamu ambao hakuna aliyeketi kuuandika? Moodle ni mfumo huria wa masomo ya mtandaoni ulioanzishwa na Martin Dougiamas, Perth, Australia. Toleo la 1.0 lilitoka 2002. Chuo Kikuu cha Makerere kinautumia kwa jina la MUELE. Msimamizi akifungua sehemu ya huduma za wavuti ataukuta ukurasa huo: orodha ndefu ya huduma ambazo programu nyingine inaweza kuziomba, na kila huduma inahitaji nini na inarudisha nini.

Tangu toleo la 3.1, mwaka 2016, Moodle huweza kutunza umahiri, yaani yale ambayo mwanafunzi anapaswa kuyaweza amalizapo kozi. Mkuu wa idara mwenye kozi nyingi hatazifungua moja moja kutafuta umahiri wa kila kozi. Ataandikiwa programu ndogo inayokwenda kwenye anwani ya /webservice/rest/server.php ikiwa na tokeni (mfuatano wa herufi unaotumika kama ufunguo wa mtumiaji), inataja huduma ya core_competency_list_course_competencies na namba ya kozi, kisha inapokea orodha ya umahiri wa kozi hiyo. Jibu huja kwa XML, isipokuwa umeomba JSON; zote mbili ni namna za kupanga data ili programu iisome.

Sasa, maelezo ya huduma hiyo yanatoka wapi? Kila huduma ya Moodle huandikwa kwa vipande vitatu. Cha kwanza hutangaza vinavyoingia, cha pili hufanya kazi yenyewe, cha tatu hutangaza vinavyotoka. Tangazo hutaja jina la kila kitu, aina yake, kama ni cha lazima, na sentensi fupi ya kukieleza. Ukurasa wa maelezo huyasoma matangazo hayo na kuyapanga, basi.

Canvas, mfumo mwingine wa masomo ya mtandaoni, nayo huchota maelezo yake kwenye msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ila huyachota kwenye maoni ambayo waandishi wameyaweka kando ya msimbo, na maoni kompyuta huyaruka. Mtu akibadili msimbo akasahau maoni, hakuna kinacholalamika. Kwa Moodle, tangazo ni bawabu. Tuma neno panapotakiwa namba, utarudishiwa hitilafu kabla kazi haijaanza. Majibu nayo hukaguliwa yanapotoka: cha lazima kikikosekana, huduma nzima hugoma, kisichotangazwa huachwa ndani kimyakimya. Ukimya huo unaudhi kweli. Unaongeza kipengele kipya kwenye jibu, unajaribu, hukioni, unalaumu kashe (nakala ya zamani iliyohifadhiwa), kumbe hukukitangaza. Lakini ndiyo bei ya maelezo yanayokwenda sambamba na msimbo, na mimi naiona bei nafuu.

Yanakwenda sambamba kwa umbo, lakini. Maana ni jambo jingine.

Omba matokeo ya mwanafunzi mmoja katika umahiri mmoja wa kozi, kwa huduma ya tool_lp_data_for_user_competency_summary_in_course. Ndani ya jibu utaona proficiency, yaani kama amefikia kiwango, na grade. Ya kwanza inaweza kuwa 1, 0 au null. Sifuri ni kwamba amekadiriwa akaonekana bado hajafikia kiwango. Null ni kwamba hajakadiriwa kabisa. Programu inayozihesabu zote mbili kama kushindwa itaangusha darasa zima ambalo mwalimu wake hajaanza kukadiria. Na grade si alama ya mtihani. Ni nafasi kwenye skeli: 2 kwenye skeli ya ngazi mbili ndiyo juu kabisa, kwenye skeli ya ngazi tano iko karibu na chini. Ukurasa unaojiandika utakwambia tu kwamba hiyo ni namba.

Hapo ndipo anayetengeneza chombo cha kuvuta matokeo anapolazimika kuandika kwa mkono: null ihesabiwe vipi, skeli gani inatumika, nani huweka ukadiriaji na wakati gani. Aandike pia tokeni ni ya nani. Moodle hutazama ruhusa za mwenye tokeni, hivyo programu ileile inayompa mkuu wa idara ripoti kamili inaweza kumrudishia msaidizi wake hitilafu tupu.