Cheti Umeweka, Fomu Imepotea

Jumatatu, chai ya asubuhi sijaimaliza, simu ikaita. Ni dada mmoja mwenye kampuni ya utalii hapa Arusha, mteja wangu. "Fundi, wageni wa Ujerumani wanasema ukurasa wa kuhifadhi safari una nafasi nyeupe tu, fomu hakuna. Na ilianza baada ya wewe kuniwekea hiyo https yako."

Alisema kweli. Ijumaa jioni niliweka cheti, kinachoiwezesha tovuti kutumia https, yaani kusafirisha data ikiwa imesimbwa, imefichwa wasiisome wa njiani. Nikafungua ukurasa wa mwanzo, nikaona kufuli kwenye kivinjari, nikaenda zangu Njiro. Ukurasa wa fomu sikuugusa.

Tovuti yake ilijengwa 2014, na aliyeijenga aliandika anwani za picha, fonti na fomu kwa kirefu, zote zikianza na http. Kwa hiyo ukurasa wenyewe unafika ukiwa umesimbwa, kisha unaagiza vipande vyake vingine kwa njia ya wazi. Hayo ndiyo maudhui mchanganyiko ambayo kivinjari kinayalalamikia.

Chukua mfano wa mzigo unaotuma kwa basi kutoka Dar. Boksi umelizungushia selotepu, jina umeandika, risiti unayo. Halafu karatasi ya maelekezo unampa konda mkononi, bila bahasha. Huenda ikafika salama. Lakini kila atakayeishika kuanzia Chalinze mpaka Moshi anaweza kuisoma, hata kuongeza mstari wake.

Hapo inategemea karatasi hiyo ni ya nini. Kama ni picha ya simba wa Ngorongoro na mtu akaibadilisha, mgeni ataona pundamilia, atashangaa, yataisha. Kama ni skripti, hayo ni maagizo, na ukurasa utayatii: ukiambiwa nakili namba ya kadi mgeni anapoiandika, utanakili. Ndiyo maana vivinjari havitendi sawa kwa vyote. Firefox toleo la 23, la Agosti 2013, ilianza kuzuia skripti na fremu (ukurasa mwingine uliopachikwa ndani ya ukurasa wako) za namna hii yenyewe, bila kumuuliza mtumiaji, huku picha ikiziacha zipite. Chrome nayo, tangu 2020, ilianza kujaribu kuzivuta sauti, video na picha kwa https hata kama umeandika http. Seva ya upande wa pili isipokuwa na cheti, hazionekani kabisa.

Fomu ya dada ilikuwa fremu inayoletwa kutoka mfumo wa mtu mwingine. Imezuiwa, pakabaki peupe.

Kumpata mkosaji si kazi. Fungua ukurasa kwenye kompyuta, bonyeza F12, nenda kwenye konsoli, sehemu ambako kivinjari huandika malalamiko yake. Kila kilichozuiwa au kulalamikiwa kimeandikwa hapo pamoja na anwani yake. Kwenye ukurasa ule nilihesabu mistari kumi na saba, na kumi na minne ilikuwa picha za Serengeti tu.

Fremu ilipona kwa kuongeza herufi moja, s, baada ya http kwenye anwani yake, kwa sababu mfumo ule tayari ulikuwa na https. Picha ndizo zinahitaji uangalifu. Tovuti ni ya WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, na anwani zimejaa kwenye hifadhidata. Usiingie humo ukabadilisha http kuwa https kwa amri moja ya SQL, lugha ya hifadhidata. Mimi niliwahi kufanya hivyo kwa mteja wa Moshi, na picha zote za kupishana za ukurasa wa mwanzo zikatoweka. WordPress huhifadhi baadhi ya mipangilio pamoja na idadi ya herufi zake, hivi: s:18:"http://mfano.co.tz". Ukiongeza ile s, herufi zinakuwa 19, lakini hesabu bado inasema 18, na mpangilio mzima haukubali kusomeka. Tumia WP-CLI, chombo cha kuiendesha WordPress kwa kuandika amri, na amri yake ya search-replace, inayorekebisha na hesabu. Nakala ya akiba kwanza, tafadhali.

Ukibanwa na muda, kuna agizo unaloweza kuweka kwenye vichwa vya seva (maelezo ambayo seva hutuma pamoja na ukurasa), upgrade-insecure-requests, linalokiambia kivinjari kiombe kila kitu kwa https. Mimi hulitumia kama plasta. Kitu ambacho hakipo kwenye https halitakileta.

Kuna mafundi wanaomwelekeza mteja awaambie wageni wake waruhusu maudhui yasiyo salama kwenye mipangilio ya kivinjari. Mtu anayetaka kulipia safari ya dola elfu kadhaa umwambie azime ulinzi? Hapana jamani.

Kufikia saa nane mchana konsoli ilibaki na mstari mmoja: kibandiko cha hali ya hewa, kutoka tovuti isiyo na https kabisa. Nikakifuta. Saa kumi dada akapiga tena.

"Fundi, fomu imerudi, asante sana. Ila hali ya hewa yangu iko wapi?"

Nikamwambia achungulie dirishani, Meru ikiwa na mawingu si anaiona.

"Mimi naiona. Mjerumani je?"

Bado ananidai.