Jicho Likiuma Ghafla na Tumbo Likachafuka

Mama wa miaka sitini anashuka matatu Githurai usiku, na kila taa ya barabarani ameiona imezungukwa na duara za rangi. Kufika nyumbani, jicho moja limeiva, maumivu yamepanda hadi utosini, anatapika. Watu wanasema ni malaria, kumbe ni glakoma ya ghafla, yaani presha ya ndani ya jicho iliyopanda mara moja. Anapewa panadol, pazia zinafungwa, alale.

Hilo giza ndilo baya. Gizani mboni hupanuka, na kwa mtu wa namna hii huzidi kuziba njia ya maji ya jicho. Si machozi ninayosema. Ni maji yanayotengenezwa ndani kila wakati na kutokea kwenye pembe nyembamba nyuma ya konea, kile kioo cha mbele. Pembe ikifunga, presha ya jicho, ambayo kwa kawaida ni milimita 10 hadi 21 za zebaki, inaweza kupita 50. Saa chache zinatosha kuharibu neva ya kuonea. Glakoma nyingi hunyemelea bila maumivu. Hii huja kwa kelele, na bado tunaikosa.

Washa tochi ya simu, mulika macho yote mawili. La mgonjwa huwa na mboni iliyokwama nusu wazi, haisinyai, na konea imefanya ukungu kama kioo cha gari asubuhi ya Julai. Hata usipoyaona hayo, maumivu makali na kuona vibaya vinatosha kukupeleka hospitali usiku huohuo. Usifunike jicho, wala usipitie kemisti kununua matone. Yenye steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) huweza kupandisha presha.

Hospitalini hutolewa dawa za kushusha presha hiyo, asetazolamaidi na matone ya timololi (mwenye pumu au anayedhurika na dawa za salfa aseme mapema), pengine na manitoli kwa dripu. Presha ikishuka, leza hutoboa kitundu kidogo kwenye sehemu ya rangi ya jicho ili maji yapite. Jicho la pili nalo kwa kawaida hutobolewa, hata kama haliumi, kwa kuwa limeumbwa vilevile.

Wanawake, waliopita miaka 40 na wanaovaa miwani ya plasi (ya wasioona vizuri karibu) wamo hatarini zaidi. Baadhi ya dawa za mafua huweza kuchochea.

Mkifika mapokezi, anzeni na jicho. Mkianza na kutapika, mtapangwa foleni ya tumbo.