Kufuma na watoto wadogo: yanayosemwa Mombasa na ukweli wake

Mwanamke akijifungua hapa Mombasa, huambiwa mengi ayaweke kando mpaka watoto wakue, na sindano za kufuma huwa za kwanza kutiwa kabatini. "Utafuma saa ngapi, na hao wawili wanakuvuta leso?" Wasemao hivyo hawana nia mbaya. Lakini wako wanaoacha kazi waipendayo kwa maneno yasiyo na ukweli, na wako wanaoendelea nayo huku wameshikilia mengine yanayoweza kumdhuru mtoto. Haya ya pili ndiyo yanayoniuma zaidi, nitayafikia.

Neno kubwa ni kwamba kufuma kunataka utulivu. Waangalie mama zetu wa pwani na ukili. Mkeka hausukwi mzima. Miyaa, yale majani ya kusukia, huchanwa, hutiwa rangi, kisha husukwa ukanda mwembamba, ndio ukili, na ukanda huo mtu huusuka barazani huku jicho liko kwa mtoto na mdomo uko kwa jirani. Chungu kikifurika jikoni, anauweka kikapuni, anainuka. Siku ukili ukitosha ndipo mkeka unashonwa. Kazi ile imegawanywa tangu mwanzo, na kila kipande kinakubali kukatizwa.

Kufuma nako kuna kazi za namna hiyo. Blanketi la mtoto la sentimita 90 kwa 90 linatisha ukiliwaza lote kwa pamoja. Lifume kwa miraba ya sentimita 10, ni miraba 81, na kila mmoja unaingia kwenye mkoba wa nepi. Mmoja utaufuma ukingoja zamu kliniki, mwingine alasiri wakubwa wakienda madrasa. Sweta yenye maua ya kuhesabu vitanzi mstari hadi mstari, hiyo isubiri walale. Nionavyo, wengi waliokata tamaa walichukua kazi ya usiku wakataka kuifuma mchana. Na kabla hujainuka, maliza mstari, uandike namba yake kwenye simu, maana kilio cha mtoto hufuta hesabu yote kichwani.

"Mtoto akichomoa sindano, kazi imeharibika." Inategemea unafuma kwa nini. Kwa sindano ya kulabu, kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu. Kitie pini na hakuna kitakachofumuka. Kwa sindano mbili, vitanzi vyote vya mstari viko wazi, vikiwa 60 au 100, na kimoja kikiponyoka huteremka mstari kwa mstari, kikaacha ngazi ya nyuzi zilizolala. Ngazi hiyo inapandika. Ingiza kulabu kwenye kitanzi cha chini kabisa, kamata uzi uliolala juu yake, uvute upite ndani, kisha uzi unaofuata, hivyo hivyo hadi juu. Ukivuta kitambaa kidogo kila upande, palipofumuka hapaonekani. Mwenye mtoto anayetambaa na apitishe uzi wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote, kwa sindano ya kushonea, kila baada ya mistari 10 au 20. Hata sindano nzima ikichomolewa, kazi itafumuka mpaka penye uzi ule na kusimama hapo.

Wengine huuliza, sufu ya nini na joto hili? Wana haki kidogo. Februari na Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, mikono inatoka jasho na uzi wa sufu unakwama kwenye sindano. Lakini kufuma si sufu peke yake. Pamba inanyonya jasho na inastahimili kufuliwa kwa maji ya moto, ingawa ni nzito na haibani kama sufu. Akriliki ni rahisi kwa bei na kwa kufua, ila hainyonyi jasho, na ikishika moto huyeyuka ikanata kwenye ngozi. Isikaribie jiko.

Sasa lile linaloniuma: kwamba mtoto mchanga lazima avikwe sweta, kofia na soksi za sufu, hata mwezi wa Machi, hata akiwa amelala. Limetoka kwenye jambo la kweli. Mara tu anapozaliwa, mtoto hupoteza joto haraka, ndiyo maana hukaushwa, huvishwa kofia na kulazwa kifuani kwa mamake, ngozi kwa ngozi. Aliyezaliwa kabla ya wakati huhitaji joto hilo kwa muda mrefu zaidi. Lakini mtoto mzima aliyekwisha rudi nyumbani, chumba kina joto na feni haitoshi, hatari yake imegeuka. Kuzidiwa na joto ni mojawapo ya mambo yanayohusishwa na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini. Mtoto hutoa joto kupitia kichwani, basi asilazwe ndani ya nyumba na kofia. Wala usimpime kwa viganja na nyayo, hizo huwa baridi hata akiwa sawa. Mguse kisogoni au kifuani. Pakiwa na jasho, mpunguzie nguo, hata kama ile sweta kaifuma nyanya yake na nyanya mwenyewe yuko mlangoni.

Blanketi nalo, hasa la matundu, lisiwekwe kitandani na mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Linaweza kumfunika uso. Limfunike miguu akiwa amepakatwa, usiku wa Julai wakati wa upepo wa kusi. Usitie utepe wa kufunga shingoni. Vifungo vidogo humkaba koo akivimeza, kwa hivyo vishonwe imara au visiwepo. Na viatu na glavu za kufuma vigeuzwe ndani nje kabla ya kumvisha. Ncha ya uzi iliyolegea ndani inaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu ikazuia damu, naye atalia tu, asiweze kukuonyesha. Mtoto analia bila sababu? Mvue soksi, utazame kidole kimoja kimoja.

Kuhusu watoto wakubwa kidogo, husemwa wasikaribie sindano kabisa. Kwa aliye chini ya miaka 3 ni sawa. Sindano na mkasi vikae juu, pasipofikika. Wa miaka 5 anaweza kufuma kwa vidole vyake mwenyewe, uzi mnene bila chombo chochote, na akishughulika hivyo nawe unapata mistari yako. Wa kiume pia. Katika kisiwa cha Taquile huko Peru, kwenye ziwa Titicaca, kufuma kwa sindano ni kazi ya wanaume na wavulana huanza wangali wadogo. Hapa kwetu pia wako wanaume wanaoshona kofia za mkono, na hakuna anayewacheka.

La mwisho ni uzi kuwa ghali. Dukani, ndiyo. Lakini tafuta sweta nzuri kwenye mitumba ya Kongowea, uigeuze ndani nje kabla ya kulipa. Ikiwa kingo za ubavuni zimefumwa mpaka mwisho na kuunganishwa kwa mshono, ifumue, uzi utatoka mmoja mrefu. Ikiwa zimekatwa na kuzungushiwa nyuzi za cherehani, iache, utapata vipande vifupi tu. Uzi uliofumuliwa uviringe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usitatizane, uoshe, uuning'inize na kitu kizito chini ukauke umenyooka. Kuviringa hapo waachie watoto, ni kazi wanayoigombania.