Kuwauliza Tusiowajua Kabla ya Kununua: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mtu anayetaka kununua mashine ya kufulia, kubadilisha kampuni ya intaneti au kumtafuta fundi bomba, siku hizi huandika swali lake mtandaoni kabla hajamuuliza mtu mwingine yeyote, na mara nyingi baada ya saa chache huwa amepata majibu mengi kutoka kwa watu asiowajua wala asiotarajia kukutana nao. Wapo wanaoyapokea majibu hayo kana kwamba ni hukumu, na wapo wanaoyapuuza yote kwa hoja kwamba yametoka kwa watu wasiojulikana walipo. Makundi yote mawili yanakosea mahali pamoja, kwa sababu hakuna linalojiuliza ni jambo gani hasa ambalo mgeni huyo aliweza kuliona kwa macho yake. Jibu la mtandaoni ni ushuhuda, na ushuhuda hupimwa kwa nafasi aliyokuwa nayo shahidi. Dhana nyingi zinazozunguka desturi hii hutokana na kulisahau jambo hilo.

Dhana: Ushauri wa rafiki au jamaa daima hushinda ushauri wa mgeni

Rafiki anakujua, anaijua nyumba yako na anaujua mfuko wako, na hilo lina uzito wake. Tatizo ni kwamba mambo anayoyafahamu yeye, kwa sehemu kubwa, unayafahamu na wewe. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha makala iliyopata umaarufu mkubwa kuhusu nguvu ya mahusiano yasiyo ya karibu. Miongoni mwa watu aliowahoji ambao walikuwa wamepata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, ni asilimia 16.7 tu walioelekezwa na mtu waliyekuwa wakionana naye angalau mara mbili kwa wiki. Waliobaki walielekezwa na watu wanaoonana nao mara mojamoja au kwa nadra sana. Utafiti huo ulihusu ajira, si ununuzi wa majokofu, lakini sababu aliyoieleza inafaa hapa pia: walio karibu nasi huzunguka katika mduara uleule wa habari tunamozunguka sisi.

Kuna na hili la pili, ambalo watu hawapendi kulisema. Rafiki ana uso wa kulinda. Akikushauri umtumie shemeji yake aliye fundi rangi, huwezi kumuuliza kwa nini, na kazi ikiharibika huwezi kulalamika. Mgeni hana deni la namna hiyo kwako, nawe huna kwake, na ndiyo maana mara nyingine humwambia muulizaji waziwazi kwamba kitu alichokwisha kukipenda ni kibovu.

Dhana: Penye wengi hapaharibiki neno

Hii ndiyo dhana iliyokita mizizi kuliko zote, na inastahili kuchambuliwa kwa utulivu, kwa kuwa imejengwa juu ya ukweli fulani. Katika maonyesho ya mifugo yaliyofanyika Plymouth, Uingereza, mwaka 1906, watu walilipa ada ndogo ili wakisie uzito wa nyama ya ng'ombe mmoja baada ya kuchinjwa na kutengenezwa. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alizichambua kadi 787, na mwaka uliofuata akaandika katika jarida la Nature kwamba kisio la katikati lilikuwa ratili 1,207, ilhali uzito halisi ulikuwa ratili 1,198, tofauti isiyofika hata asilimia moja. Tangu hapo mkasa huo umesimuliwa mara nyingi kama uthibitisho kwamba umati hujua.

Kinachoachwa katika masimulizi hayo ni masharti. Kila mshiriki aliandika kisio lake kwenye kadi yake. Alikuwa amelipa, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kufanya mzaha. Palikuwa na zawadi, kwa hiyo alijitahidi. Na miongoni mwao walikuwamo wachinjaji na wakulima ambao kazi yao ni kukadiria uzito wa mnyama kwa jicho. Mtandaoni hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kuhakikishwa. Anayejibu wa tano amekwisha kusoma majibu manne, hajalipa chochote, hana anachokipoteza akikosea, na huenda hajawahi kukigusa kifaa kinachozungumziwa.

Athari ya kuona majibu ya wenzako imepimwa. Watafiti wa Zurich walichapisha mwaka 2011 jaribio la wanafunzi 144, wakaonyesha kwamba watu wanapooneshwa makisio ya wengine, makisio yao husogeleana bila kusogelea ukweli, na wakati huohuo kujiamini kwao huongezeka. Mwaka 2013 watafiti Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walieleza katika jarida la Science jinsi walivyoyapa maoni fulani ya mtandaoni kura moja tu ya kuunga mkono, wakiyateua kwa kubahatisha. Maoni hayo yaliishia na alama za juu kwa wastani wa asilimia 25 kuliko mengine ambayo hayakuguswa. Kura moja ya mwanzo, isiyo na hoja yoyote nyuma yake, ilitosha kuwavuta waliofuata.

Kwa hiyo majibu kumi na mawili yanayotaja jina la kifaa kimoja yanaweza kuwa jibu moja lililorudiwa mara kumi na mbili. Msomaji makini hahesabu vichwa, bali hutafuta ni nani ameleta habari ambayo haikuwapo katika majibu yaliyotangulia. Naye muulizaji anaweza kujisaidia kwa kutokutaja mapema kitu alichokwisha kukipenda, maana akishakitaja, nusu ya wanaomjibu watampa kile wanachodhani anataka kukisikia.

Dhana: Anayekimiliki kitu ndiye anayekijua

Anakijua, lakini pia ana sababu ya kukitetea. Mwaka 1956 mwanasaikolojia Jack Brehm aliwapa wanawake vifaa vya nyumbani wavipime kwa kadiri vinavyowavutia, kisha kila mmoja akaruhusiwa kuchagua kimoja kati ya viwili. Walipoombwa kuvipima upya, kile walichokichagua kilipanda thamani machoni mwao na kile walichokiacha kikashuka, hasa pale ambapo mwanzoni vyote viwili vilikuwa vimekaribiana. Hapakuwa na tajiriba yoyote mpya kati ya kipimo cha kwanza na cha pili; kilichobadilika ni kwamba mtu alikuwa amekwisha kuamua.

Hebu tulinganishe majibu mawili kuhusu mashine ileile ya kufulia. Wa kwanza anaandika: "Hii ni namba moja, ninayo nyumbani, nunua na hutajuta." Wa pili anaandika: "Ninaitumia mwaka wa tatu sasa, mara nne kwa wiki. Mpira wa mlango ulianza kuvuja mwaka wa pili. Kuupata mwingine kulichukua wiki tatu. Inafua vizuri, ila inatetemeka sana ikiwa mzigo ni mdogo." Wa kwanza ametueleza kuhusu nafsi yake tu. Wa pili ametueleza kuhusu mashine, na ametupa hata mambo ambayo tunaweza kwenda kuyahakiki kwa muuzaji: kama mpira huo unapatikana, na kama modeli inayouzwa leo bado inatumia mpira wa aina hiyo. Swali hili la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu viwanda hubadilisha vipuri vya ndani huku jina la bidhaa likibaki lilelile, na sifa za miaka mitano iliyopita zikaendelea kuuzia kitu kingine.

Dhana: Maoni ya kughushi hujulikana kwa kuyasoma tu

Karibu kila mtu huamini kwamba yeye hadanganyiki. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walikusanya maoni 400 ya kweli kuhusu hoteli 20 za Chicago na mengine 400 yaliyotungwa na watu waliolipwa, wasiokuwa wageni wa hoteli hizo. Wasomaji watatu waliopewa sehemu ya maoni hayo wayatenganishe hawakuwa mbali na kubahatisha, ilhali programu ya kompyuta ilifaulu kwa karibu asilimia 90. Kilichoisaidia programu ni jambo ambalo hata sisi tunaweza kulitumia, ingawa si kwa uhakika uleule: maoni ya kweli yalitaja zaidi vitu vya mahali penyewe, kama bafu, sakafu na ukubwa wa chumba, wakati yale ya kutungwa yalipenda kueleza mtu alisafiri na nani na kwa shughuli gani. Aliyekuwapo hukumbuka chumba. Asiyekuwapo hutunga safari.

Sheria zimeanza kulifuatilia jambo hili. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2022, mfanyabiashara anayeonyesha maoni ya wateja hutakiwa kueleza kama anahakikisha yametoka kwa wanunuzi halisi, na kwa njia gani. Marekani ilipitisha kanuni ya kupiga marufuku uuzaji na ununuzi wa maoni ya uongo, yakiwamo yanayotungwa na akili mnemba, ikaanza kutumika Oktoba 2024. Uingereza nayo ikaanza kutekeleza katazo lake Aprili 2025. Hata hivyo, sheria hizi humlenga anayeghushi. Haziwezi kumfanya mtu wa kweli, mwenye kifaa cha kweli, asiweke kiungo kinachompa kamisheni kila unapokibofya na kununua. Huyo si mwongo, na jibu lake linaweza kuwa zuri, ila ana maslahi, na shahidi mwenye maslahi husikilizwa kwa sikio jingine.

Dhana: Huduma hupimwa kama bidhaa

Mwaka 1973 wachumi Michael Darby na Edi Karni waliandika kuhusu aina ya huduma ambazo mteja hawezi kuzipima sawasawa hata baada ya kuhudumiwa. Fundi wa gari akisema pampu imekufa na inahitaji kubadilishwa, kisha gari likawaka, mteja ataondoka ameridhika. Hatajua kamwe kama pampu ya zamani ilikuwa nzima na kilichokatika ni waya tu. Akiandika mtandaoni kwamba fundi huyo ni hodari, anasema kweli kwa kadiri ya ufahamu wake, lakini ufahamu huo haufiki kwenye pampu.

Yapo hata hivyo mambo ambayo mteja ni shahidi kamili: kama fundi alifika saa aliyoahidi, kama gharama ya mwisho ililingana na makadirio, kama alionyesha kipuri kilichotolewa, kama alirudi pale kasoro ilipojitokeza, na kama aliacha mahali pasafi. Muulizaji anayeuliza "Nani fundi mzuri?" hupata sifa, anayeuliza "Nani aliyewahi kurudi kurekebisha kazi yake bila kudai malipo mengine?" hupata majina machache, lakini yenye maana. Na majina hayo yana umri wake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mara nyingi si hata mgema yule yule, kwa kuwa kampuni iliyosifiwa kwa kazi ya fundi mmoja huweza kukutumia mwingine aliyeajiriwa juzi.

Dhana: Swali fupi hupata jibu bora

Swali fupi hupata majibu mengi, na wingi huo hudhaniwa kuwa ubora. "Jokofu gani zuri?" ni swali ambalo kila mtu anaweza kulijibu, akiwamo asiyejua lolote. Lakini anayeandika kwamba nafasi aliyonayo jikoni ina upana wa sentimita 60, kwamba umeme wa kwake hukatika mara kwa mara, kwamba wanaoishi nyumbani ni watu wanne na kwamba kelele ni tatizo kwa kuwa jikoni pako karibu na chumba cha kulala, amewapunguza wanaomjibu hadi kubaki wale wenye cha kusema. Ni vyema pia ataje nchi aliko, hata kama hataji mtaa. Umeme wa majumbani ni volti 100 nchini Japani, volti 120 Marekani na volti 230 katika nchi nyingi za Ulaya. Kifaa cha kupashia joto kilichoundwa kwa volti 120, kikichomekwa kwenye volti 230, huvuta zaidi ya mara tatu na nusu ya nguvu iliyokusudiwa, na hakitadumu. Aliyekisifu hakudanganya. Aliishi mahali pengine tu, na ndivyo ilivyo kwa waranti, vipuri na haki ya kurudisha bidhaa.

Dhana: Lawama nyingi ni dalili ya ubovu

Si lazima. Walioridhika kiasi hunyamaza, na wanaoandika ni waliofurahi sana au waliokasirika sana. Tazama lawama inahusu nini: kuchelewa kwa mzigo si kosa la pasi, lakini watu watatu wanaotaja kifundo kilekile kinachokatika wanastahili kusikilizwa kuliko sifa hamsini.

Dhana: Kuuliza hakugharimu kitu

Hakugharimu fedha, lakini swali lenyewe hubeba habari. Anayeuliza kuhusu kufuli za milango huku akieleza kwamba anasafiri wiki ijayo amewaambia watu zaidi ya aliowakusudia. Anayelalamika hadharani kuhusu benki au kampuni ya simu huweza kupata ujumbe wa faragha baada ya dakika chache kutoka kwa mtu anayejiita mhudumu wa kampuni hiyo, akiomba namba ya siri au akitaka alipwe ada ya kushughulikia tatizo. Mhudumu wa kweli haombi namba ya siri. Picha ya risiti huonyesha namba ya oda na pengine jina na anwani, na picha ya nyuma ya kifaa huonyesha namba ya utambulisho ambayo mtu mwingine anaweza kuitumia kudai waranti. Hakuna lolote kati ya hayo ambalo mjibu analihitaji, kwa sababu aliyewahi kupatwa na hitilafu hiyo huitambua kwa jina la modeli na kwa namna inavyojitokeza.