Kabla hujapanda alizeti kwenye marudio

Nilikuwa Makongolosi, wilayani Chunya, nikichota sampuli za udongo karibu na karasha, kinu cha kusagia mawe ya dhahabu, lililoachwa siku nyingi pamoja na marudio yake, yaani mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa. Mama mwenye shamba la jirani akaniita: "Bwana shamba, nasikia alizeti inanyonya sumu. Nikiipanda msimu huu, mwakani si naweza kutia mchicha?"

Nikamwambia, "Hapana, mama," tukakaa chini ya mwembe.

Metali zenye sumu kama risasi, arseniki na zebaki haziozi. Jua haliziunguzi na vijidudu haviwezi kuzimaliza. Mmea huweza kuzivuta mpaka kwenye majani, au kuzishika mizizini zisisafiri. Hizo ni kazi mbili tofauti, na watu wengi huzichanganya.

Ya kuvuta ndiyo inayosifiwa, na ipo mimea inayostahili sifa hiyo. Mwaka 2001 watafiti wa Florida, Marekani, walitangaza kwamba kangaga liitwalo Pteris vittata hulimbikiza arseniki, maelfu ya miligramu katika kila kilo ya majani makavu. Huko New Caledonia, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, kuna mti, Pycnandra acuminata, wenye utomvu wa kijani cha samawati kwa wingi wa nikeli. Utomvu huo ukikauka, karibu robo ya uzito wake ni nikeli. Nimesoma habari za mti huo mara nyingi na bado unanishangaza. Ila kila mmea una metali yake. Kangaga la arseniki halitakusaidia kwenye risasi.

Alizeti haimo katika kundi hilo. Nilimpigia mama hesabu kwa kijiti mchangani. Udongo wa juu wa hekta moja, kina cha sentimita 20, una uzito wa tani 2,600 hivi. Tuseme kila kilo ina miligramu 500 za risasi, nasi tunataka zishuke hadi 400. Hapo kuna kilo 260 za risasi za kutoa. Alizeti ikizaa tani 10 za mabua na majani makavu, kila kilo ikibeba miligramu 100 (na hapo nimeikadiria kwa ukarimu), umetoa kilo moja. Ni misimu 260.

Na hayo mabua yatakwenda wapi? Ukiyafanya kuni, majivu yanarudi bustanini. Ukiwapa mbuzi, sumu imeingia zizini. Mtu anayekushauri kupanda bila kukwambia mavuno yatatupwa wapi amekupa nusu ya ushauri, na ni ile nusu rahisi.

Chunya dhahabu inachimbwa tangu miaka ya 1920, na mzigo wetu mkubwa ni zebaki. Ikiwa udongoni hung'ang'ania sana, mizizi huipandisha kidogo tu. Lakini dhahabu iliyonaswa kwa zebaki inapochomwa, mvuke wa zebaki huingia kwenye mboga kupitia majani. Mchicha ulio jirani na mahali pa kuchomea unaweza kubeba zebaki hata kama udongo wake ni safi, na kuosha hakuitoi iliyokwisha kuingia ndani. Mvua nayo huyasomba marudio hadi mitoni, na huko kwenye tope bakteria huigeuza zebaki kuwa ya aina inayoingia miilini mwa samaki.

Kwa hiyo mimi napendelea kushikilia. Vetiva, aina ya nyasi, inafaa: mizizi yake hushuka mita tatu na zaidi, huvumilia udongo mbovu, na metali nyingi hubaki huko chini. Samadi huisaidia kushika. Chokaa inayochomwa Songwe hupunguza ukali (asidi) wa udongo, na risasi ikatulia. Lakini penye arseniki usiimwage kabla ya kupima, maana inaweza kuifungua badala ya kuifunga.

Mama aliuliza swali moja tu la mwisho: upepo huvuma kutoka wapi wakati wa kuchoma. Tulisimama tukautazama moshi wa jikoni kwake. Mchicha ameuhamishia upande unakotoka upepo, nyuma ya nyumba, na kati ya marudio na shamba tumepanda mistari miwili ya vetiva kukinga mteremko.